Steringi hafi, bei ndiyo hufa: maswali yenu ya komiki

Barua zimejaa tena, na wengi wenu mmeuliza lile lile: "Hii itanipa shilingi ngapi?" Nimechagua chache. Mliotuma picha ya jalada peke yake, bila yale maandishi madogo ya ndani yenye mwaka na jina la mchapishaji, msinisubiri.

Kaka, mjomba ameniletea Action Comics namba 1 kutoka Marekani, ile Superman ameinua gari. Nasikia inauzwa mamilioni ya dola. Nimwone nani? (Tanga)

Mwone mwenye rula. Toleo halisi la Juni 1938, lililouzwa senti 10, lina urefu wa inchi kumi na kidogo. Lako kwenye picha ni kubwa kuliko mto wa kochi ulioliegemeza. Mwaka 1974 DC, wachapishaji wa Superman, walilichapa upya kwa umbo kubwa, likiwa na jalada gumu la nje linalosema wazi kwamba ni marudio. Wajanja wakabandua jalada la nje, ikabaki sura ya 1938 na bei yake ya senti 10. Watu wanalizwa kwa mtindo huo tangu hujazaliwa. Ni kweli nakala halisi iliuzwa dola milioni 6 mwaka 2024, lakini zilizobaki duniani zinakadiriwa kuwa kama mia tu, na hazisafiri kwenye begi la mjomba pamoja na viatu. Amekuletea zawadi. Isome, kisa chenyewe kizuri.

Nani ana nguvu zaidi, Hulk au Superman? (Morogoro)

Yule ambaye mwandishi amelipwa amshindishe. Twende.

Nataka ninunue kila namba 1 mpya inayotoka, na majalada yake yote tofauti, niziweke miaka kumi halafu niuze. Unaonaje? (Nairobi)

Naona unatafuta hasara kwa bidii. Wenzako walishafanya hivyo. Mwaka 1991 ilitoka X-Men namba 1, komiki ya kundi la mashujaa, ya mwandishi Chris Claremont na mchoraji Jim Lee, majalada matano, nakala zaidi ya milioni 8. Mtu mmoja alibeba tano, mwingine kumi, kila mmoja akisomesha watoto kichwani. Novemba 1992 Superman akauawa katika namba 75 ya komiki yake. Ikauzwa ndani ya mfuko mweusi uliofungwa, pamoja na kitambaa cha msiba cha kuvaa mkononi. Foleni zikapangwa, na wengi hawakuufungua ule mfuko hata kuona marehemu alikufaje. Mtoto yeyote aliyekulia kwenye vibanda umiza angewaambia bure: steringi hafi. Mwaka uliofuata Superman alikuwa amesharudi, na mifuko ile ikabaki kwenye makabati ya watu. Maduka mengi ya komiki yakafunga milango, na Desemba 1996 Marvel wenyewe, wachapishaji wa X-Men, wakakimbilia mahakamani kuomba kinga ya mufilisi.

Sababu si ngumu. Komiki za 1938 ni ghali kwa kuwa watoto walizisoma zikachanika, mama zao wakazitupa, na nyingine zikakusanywa kuwa karatasi chakavu wakati wa vita. Za 1991 kila mtu alizitunza. Kilichotunzwa na kila mtu kitaadimika vipi?

Hizo za majalada tofauti ndizo mbaya zaidi. Mwenye duka huambiwa aagize nakala 25 za kawaida ndipo apewe moja yenye jalada la pekee. Hizo 25 atamuuzia nani? Wewe. Na hamjauliza, lakini nasema: tangu kampuni ya CGC ianze mwaka 2000 kuzipa komiki alama, kuanzia 0.5 hadi 10, na kuzifunga ndani ya plastiki ngumu, kuna watu wana mamia ya komiki ambazo hawawezi kufungua ukurasa mmoja. Ukiivunja ile plastiki, alama imekufa. Ya mzee wa 1940 naelewa. Ya mwezi uliopita?

Za kwangu zinageuka njano na pini zinashika kutu. Fundi wa stesheneri amesema anaweza kuzipiga laminesheni. (Mombasa)

Mkimbie huyo fundi. Joto na gundi ya laminesheni havitoki tena. Selotepu pia usiguse, gundi yake hugeuka kahawia na kupenya wino.

Karatasi ya komiki za zamani ni ileile duni ya magazeti, ina asidi, itageuka njano hata Ulaya. Pwani mna unyevu juu yake, na unyevu ndio unaoleta ukungu na kutu. Kila moja itie kwenye mfuko wa polipropilini, au wa plastiki ya Mylar kwa zile unazozionea wivu, na nyuma yake kadi isiyo na asidi. Zisimamishe wima ndani ya boksi, zishikane bila kubanana. Boksi lisikae sakafuni wala kugusa ukuta wa bafu. Weka vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya, ubadilishe vinapochoka. Mbali na dirisha, jua linakula rangi. Na unawe mikono ukitoka kula viazi karai.

Mbona humpendi Stan Lee, yule mwandishi wa Marvel? Si ndiye aliyewabuni mashujaa wao wote? (Dodoma)

Hakuwabuni wote. Captain America alitoka 1941 mikononi mwa Joe Simon na Jack Kirby, Lee akiwa kijana wa kutumwatumwa ofisini. Miaka ya 1960 Lee alitoa wazo, mara nyingine kwa mdomo tu. Mchoraji akapanga kisa kizima ukurasa kwa ukurasa, kisha Lee akajaza maneno. Sasa niambie hapo mtunzi ni nani. Steve Ditko, kabla hajaachana na Spider-Man mwaka 1966, ilibidi komiki yenyewe imtaje kuwa mpangaji wa kisa.

Na huyo ana afadhali. Jerry Siegel na Joe Shuster walimuuza Superman kwa dola 130. Hadi 1975, baada ya kelele magazetini, ndipo wakapewa dola 20,000 kwa mwaka na majina yao kurudishwa. Bill Finger, aliyemfanya Batman awe Batman, alifariki 1974. DC walianza kumtaja rasmi 2015. Mnaijua bei ya kila namba 1, huyu hamumjui.

Nimeona filamu zote. Nianze kusoma wapi? (Bujumbura)

The Amazing Spider-Man, namba 1 hadi 38, zote za Ditko. Ukichoka kabla ya 33, rudi kwenye filamu.

Tumebishana kijiweni: Storm, yule dada wa X-Men, ni Mkenya au Mtanzania? (Arusha)

Baba Mmarekani, mama Mkenya, kazaliwa New York, kakulia Cairo. Alipoanza kuonekana, katika Giant-Size X-Men namba 1 ya 1975, kazi ya Len Wein na Dave Cockrum, alikuwa Kenya akiletea watu mvua. Baadaye wakasema alitembea kutoka Cairo hadi Serengeti, kwenye asili ya mama yake, na hapo ndipo ninyi wa Arusha mnapoanza kupiga kelele. Mna haki: waliochora ramani ile walikuwa New York. Wakenya watawajibu kwa Masai Mara. Mkiendelea kubishana, mje na namba ya toleo na ukurasa, si "nilisikia".