Picha yako ikikosolewa, na wewe ukiombwa kukosoa

Ndugu, umesema kila ukionyesha picha unaambiwa "nzuri" tu au "haina mvuto", na ukiombwa maoni kuhusu za wenzako unanyamaza kwa kuwa bado unajifunza.

Anza na namna unavyouliza. "Mnaionaje?" huzaa majibu ya adabu. Sema ulichokusudia: nilitaka macho ya mtoto yavute kwanza, je, yanavuta? Taja pia kasi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga), tundu la lenzi (upana wa njia ya mwanga) na ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga). Mjuzi akiona mtoto anayekimbia amepigwa kwa 1/60 ya sekunde, hataishia kusema "ina ukungu". Atakushauri uongeze kasi hadi 1/500, na mwanga usipotosha uongeze ISO. Chengachenga, yaani vijidoa vidogo kwenye picha, zitaonekana kidogo, lakini mimi nazivumilia kuliko uso uliofifia.

Majibu yakija, usikimbilie kueleza kwamba jua lilikuwa kali; mtazamaji hakuwepo. Wakibishana kuhusu rangi, hiyo ni ladha, chagua yako. Wakitaja watatu nguzo ileile inayoota kichwani mwa mtu, mara nyingine sogea hatua moja pembeni kabla ya kubofya.

Kukosoa nako hakuhitaji miaka ya uzoefu. Sema jicho lako lilitua wapi kwanza, likakwama wapi. Hilo hata bingwa hujionea kwa shida, maana anajua tayari alichopiga. Na useme picha, si mpigaji: "mstari wa upeo umelalia kushoto", si "hujui kushika kamera".