Biashara ya haki, halali au huria?

SWALI: Mimi ni katibu wa chama chetu cha msingi cha wakulima wa zabibu, Hombolo, Dodoma. Natayarisha karatasi ya kuwasomea wanachama kuhusu miji ya ng'ambo ambayo wakazi wake wameamua kununua mazao kwa bei isiyomuumiza mkulima. Kijana anayenichapia ameandika "miji iliyoteuliwa kwa biashara halali". Mwenyekiti wetu anataka "biashara huria". Mimi moyo unaniambia "biashara ya haki". Yupi yuko sahihi?

JIBU: Mama katibu, moyo wako umekuambia kweli. Njia nyepesi ya kulithibitisha ni kuliuliza kila neno: kinyume chako nini?

Kinyume cha huria ni kubanwa, kupangiwa. Neno hili lilituingia masikioni pamoja na soko huria kuanzia miaka ya 1980, serikali ilipoanza kuacha kupanga bei. Mnunuzi anayekaa chini ya mti akisubiri zabibu zako zilainike kwenye kreti, ndipo ataje bei, naye yumo katika biashara huria. Hakuna aliyemzuia. Mwenyekiti akilisoma neno hilo mbele ya wanachama, atakuwa anausifu utaratibu uleule unaowaliza.

Kinyume cha halali ni haramu. Duka lenye leseni linalotoa risiti linafanya biashara halali, hata kama mkulima aliyelilisha alilipwa kiduchu. Silidharau neno hili. Mtu akisema "hii ni halali yangu" anadai kilicho chake, na hapo linaikaribia haki kabisa. Lakini ukilifunga kwenye biashara, msikilizaji atafikiria magendo na gongo.

Kinyume cha haki ni dhuluma. Hilo ndilo neno la wakulima wenyewe. Nimesimama sokoni Kibaigwa nikitazama gunia la mahindi likijazwa: limefika mdomoni, mpakiaji akaongeza kipande kingine juu, akakishona kwa kamba hadi gunia likaota kilemba. Lumbesa. Mzee mwenye mahindi hakusema neno kuhusu sheria ya vipimo, ingawa sheria inakataza. Alisema, "Tunadhulumiwa." Gunia lililipwa kama moja, na ile nyongeza ikaenda bure. Huu mpango wa ng'ambo, ambao kwa Kiingereza huitwa Fairtrade, unapambana na jambo hilohilo: mkulima awe na bei ya chini kabisa isiyoshuka hata soko likianguka, na juu yake chama kipate fedha ya nyongeza ambayo wanachama wanaamua wenyewe waitumieje. Ushirika wa KNCU kule Kilimanjaro na KCU kule Kagera umeuza kahawa kwa utaratibu huu, kwa hiyo usiwaambie wanachama kwamba ni habari za Wazungu peke yao.

Sarufi nayo iangalie. Huria na halali ni vivumishi, vinakaa moja kwa moja baada ya nomino. Haki ni nomino, lazima ipate -a ya kuunganisha: biashara ya haki. "Biashara haki", ninayoiona mara kwa mara kwenye mabango, ina pengo. Na unapoongeza mji, chunga viambishi: mji wa biashara ya haki, miji ya biashara ya haki. Ukiteleza ukaandika "mji wa biashara wa haki", haki imehama kutoka kwenye biashara ikaenda kwenye mji, na maana imepotea njiani.

Sasa "iliyoteuliwa". Hapa ndipo ninapotaka kijana wako asikilize zaidi. Kuteua ni kazi ya mwenye mamlaka anayechagua mmoja kati ya wengi, kama Rais anavyomteua mkuu wa wilaya. Kupandishwa hadhi nako hutoka juu: Dodoma yetu ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, kwa tamko la Rais Magufuli. Miji hii ilianza kinyume chake. Garstang, mji mdogo wa soko kaskazini mwa Uingereza, ulijitangaza wenyewe Aprili 2000, baada ya watu wake kukutana na kukubaliana. Hapakuwa na wa kuuteua, maana mji wa namna hiyo haukuwapo popote duniani. Kile kiambishi -ji- katika "ulijitangaza" kinabeba historia nzima. Baadaye ndipo yakawekwa masharti: halmashauri ipitishe azimio, maduka na migahawa iwe na bidhaa za biashara ya haki, sehemu za kazi na taasisi za jamii ziunge mkono, habari zienezwe, na iwepo kamati ya kusimamia. Mji unaotimiza hayo hutambuliwa. Mji wa Media, jimbo la Pennsylvania, ukawa wa kwanza Marekani mwaka 2006. Vyuo vikuu vilishaingia tangu 2003, kuanzia Oxford Brookes. Leo miji imepita 2,000, katika nchi zaidi ya 30. Garstang wenyewe umeshikana undugu na New Koforidua, mji wa wakulima wa kakao nchini Ghana.

Kwa hiyo ninapendekeza "kutambuliwa". Anayetambuliwa amefanya kitu kwanza. Anayeteuliwa huenda hajafanya. Tena utambuzi huu hupitiwa upya kila baada ya muda, na mji uliolegea waweza kuupoteza.

Sentensi yako, mama, isomeke hivi: "Miji iliyotambuliwa kuwa miji ya biashara ya haki." Na pale unapoisimulia Garstang, mwachie kijana aandike "ulijitangaza", asiifute hiyo -ji-.