Muuguzi alimbana mwandishi kuhusu PF3

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama kumsikiliza mwandishi ana kwa ana kunamwongezea msomaji chochote, au kitabu kinajitosheleza. Kwa riwaya za upelelezi nasema kunaongeza, tena sana. Nimeliona hilo katika maktaba ya mkoa hapa Tanga, mwandishi mmoja alipokuja kuzungumzia riwaya yake ya mauaji.

Alianza kwa kusoma kurasa chache na kueleza alivyoingia kwenye uandishi. Maswali ndiyo yaliyouamsha ukumbi. Mama mmoja, muuguzi mstaafu, alisimama na kitabu mkononi, kipande cha gazeti kikiwa kimechomekwa kwenye ukurasa anaoutaka.

"Mwanangu, huyu mtu wako kachomwa kisu, kaenda hospitali ya serikali, kashonwa, karudi nyumbani, na polisi hawana habari. PF3 iko wapi?"

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Nani asiyeijua fomu hiyo ya polisi ya majeruhi? Ukifika hospitali na jeraha la kisu utaulizwa karatasi ya polisi, na hata ukitibiwa kwanza kwa sababu hali ni mbaya, fomu itafuata. Na fumbo lote la riwaya ile limeegemea polisi kutojua habari za jeraha.

Mwandishi hakujitetea. Alimwamkia, kisha akamuuliza: mtu wa namna hiyo, asiyetaka polisi wajue, angekwenda wapi? Kijana wa nyuma akataja duka la dawa la mtaani. Mama akakataa, jeraha refu vile haliishii kwenye bandeji. Angemtafuta muuguzi anayefahamiana naye, amshone usiku nyumbani kwake. Mwandishi akaandika kwenye daftari, akanyanyua kichwa: "Basi muuguzi huyo ni shahidi. Na muuaji anamjua." Tuliiona sura mpya ya riwaya ikizaliwa mbele yetu. Hilo kitabu hakikupi.

Kwangu mimi hapo ndipo ilipo nguvu ya upelelezi wa Kiswahili tangu Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa wa Unguja, katika riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa si polisi. Anavuta kiko, anafikiri, anawasoma watu. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyekuja miaka ya 1970, ni mpelelezi wa serikali mwenye bastola, na nampenda, lakini fumbo linalosimama juu ya mambo ambayo jirani yako anayajua ndilo linaloninyima usingizi.

Ombi langu kwa maktaba zinazoandaa mazungumzo haya: tangazeni kitabu mapema, nakala ziwe rafuni wiki kadhaa kabla. Siku ile waliokuwa wamekisoma walikuwa wachache mno. Yule mama alikinunua kwa pesa yake mwenyewe. Asingekinunua, swali la PF3 lisingeulizwa.