Maswali ya Wasomaji: Samurai wa Kuchekesha

SWALI: Filamu ya Sanjuro (1962) ya mwongozaji Mjapani Akira Kurosawa ni ya mapanga au ya vichekesho? Na ile damu katika pambano la mwisho ilirukaje vile?

JIBU: Ni vyote viwili. Vijana tisa wa kisamurai, nadhifu na wenye jazba, wanaharibu kila wanachopanga. Anayewaokoa ni samurai anayeigizwa na Toshiro Mifune, mchafu, anayejikuna na kupiga miayo. Mtazame adui waliyemteka na kumfungia kabatini: anatoka mwenyewe, anashauri, kisha anarudi kujifungia! Hapo ndipo utani ulipokolea.

Damu ilisukumwa kwa mgandamizo kupitia bomba la mpira lililofichwa ndani ya nguo za Tatsuya Nakadai, mwigizaji wa mpinzani anayeuawa. Mgandamizo ukazidi, ikafoka. Kurosawa akaiacha hivyohivyo.