Kabla hujaniuliza hoteli, meli yako inaondokea gati gani?

Msimu wa sakura, yale maua ya micheri, ukikaribia tu maswali ya Japani yananijia kama masika, na mengi ni yaleyale ya mwaka jana, yamebadilishwa majina tu. Leo nachagua machache. Mambo ya kwamba wanatumia yeni na magari yanapita kushoto kama kwetu mnayajua, sirudii.

"Tunapanda meli ya kitalii Tokyo Jumamosi, mimi na mume wangu na watoto wawili. Naomba hoteli nzuri karibu na bandari ya Tokyo." (Mama wawili, Mikocheni)

Dada yangu, bandari ipi? Kila mwaka nauliza hivi na kila mwaka najibiwa "si hiyo ya Tokyo?". Kampuni za meli zinaandika TOKYO kwa herufi kubwa kwenye tangazo maana Tokyo ndiyo inayouza, halafu ukishuka kule chini kwenye maandishi madogo kama chawa unakuta neno Yokohama limejikunyata. Yokohama ni jiji jingine kabisa, lina watu zaidi ya milioni 3 na nusu, na liko kama kilomita 30 kusini mwa stesheni ya Tokyo. Na hata ukishajua ni Yokohama bado hujamaliza, maana meli inaweza kufunga kwenye gati la Osanbashi, ambalo liko mjini kabisa, dakika kama 7 kwa mguu kutoka stesheni ya Nihon-odori, au ikafunga Daikoku, ambako ni kisiwa cha kutengenezwa kimejaa kontena na magari ya kusafirishwa, treni hakuna, unaenda kwa teksi au basi la kampuni basi.

Kisa ni daraja. Yokohama Bay Bridge lilifunguliwa 1989, nafasi ya chini yake ni mita 50 na ushee kutoka kwenye maji, sasa haya mameli ya siku hizi marefu kama maghorofa ya Posta hayapiti pale, ndiyo yanabaki nje, Daikoku. Tokyo nao walikuwa na ugonjwa huohuo na Rainbow Bridge la 1993, mpaka 2020 walipofungua kituo kipya cha abiria Aomi, upande wa nje wa daraja, na hicho kina stesheni yake kwenye laini ya Yurikamome.

Mimi yalinikuta ndiyo maana napiga kelele. Nilifika Osanbashi na begi langu, nimevaa vizuri, nimechana nywele, nikaona gati tupu, yule mlinzi akasoma karatasi yangu akanyoosha kidole ng'ambo ya maji: meli yangu ile kule, nyeupe, naiona kabisa kwa macho, iko upande wa pili wa daraja. Teksi ilininyoa yeni elfu kadhaa na dereva njia nzima hakusema neno, nadhani alinionea huruma. Jina la gati lilikuwa kwenye tiketi yangu, ukurasa wa pili. Sikuusoma.

Kwa hiyo soma kwanza. Ikiwa Osanbashi au Daikoku, usiku wa mwisho lala Yokohama, pande za Sakuragicho au Kannai. Ikiwa Aomi, lala Shimbashi, ndipo Yurikamome inapoanzia.

"Ndege inatua Narita saa mbili asubuhi, meli inaondoka saa kumi na moja jioni siku hiyohiyo. Tuanze Asakusa au Shibuya?"

Muanze na kubadilisha tiketi ya ndege. Narita iko kama kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo, treni ya Narita Express mpaka Yokohama ni kama saa moja na nusu, ongeza foleni ya uhamiaji, ongeza kusubiri mabegi, ongeza kwamba meli nyingi zinafunga kaunta saa moja au zaidi kabla ya kung'oa nanga. Na hapo ndege yako haijachelewa Doha. Meli si daladala, hakuna konda wa kupiga bati dereva asubiri. Fika siku mbili kabla, na ukipata tiketi ya Haneda badala ya Narita ichukue hata kama imezidi kidogo, kutoka Haneda mpaka Yokohama kwa treni ya Keikyu ni kama nusu saa tu.

"JR Pass ya siku 7 ninunue?"

Hapana. Hiyo ni tiketi ya kupanda treni nchi nzima bila kulipia kila safari, Oktoba 2023 ilipandishwa ikafika yeni 50,000, na wewe unakaa Tokyo siku mbili. Chukua kadi ya nauli ya Suica, gusa, pita. Huyu ni wa nne mwezi huu.

"Niko na siku mbili mzima kabla ya meli. Siku ya kwanza: Senso-ji, Skytree, Akihabara, Tsukiji, Shibuya, Shinjuku. Ya pili: Mlima Fuji halafu Kyoto. Inawezekana?" (Kijana wa South B, Nairobi)

Inawezekana kama unataka kuona stesheni. Hebu tukae chini, ndugu yangu.

Kyoto ifute. Treni ya risasi ya Nozomi inakula zaidi ya saa mbili kwenda tu, na ni kama yeni 14,000 kwa njia moja, ufike upige picha moja ya hekalu ugeuke. Fuji nao usiujengee siku nzima, ule mlima unajificha kwenye mawingu kama bibi harusi, hasa kiangazi, mtu analipia basi la kutwa anarudi na picha ya ukungu. Asubuhi za baridi hewa ikiwa safi unauona ukiwa hapohapo Tokyo, panda ghorofa ya 45 ya jengo la serikali ya jiji pale Shinjuku, mita 202 juu, na ni bure. Bure! Huku wenzako wamepanga foleni kwenye mnara wa Skytree wanalipa. Sisemi Skytree ni mbaya, ina mita 634 na inatisha, ila wewe hukuniambia una hela za kuchezea.

Halafu gawa jiji, mashariki siku moja na magharibi siku moja, usivuke huku na huku kama kuku. Mashariki anza hekalu la Senso-ji pale Asakusa, na uwe umefika kabla ya saa mbili asubuhi. Ukichelewa, ile njia ya maduka ya Nakamise, kama mita 250, inakuwa Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Asubuhi maduka yamefungwa lakini unasikia hata nyayo zako. Kuna visanduku vya chuma vya kutazamia bahati, unaweka yeni 100, unatikisa mpaka kijiti chenye namba kichomoze kwenye kitundu, unatafuta droo ya namba hiyo unachomoa karatasi. Ukipata mbaya, na pale mbaya ni nyingi kweli, unaifunga kwenye ule mtambo wa vyuma unaiacha hapohapo. Mimi nimeshafunga tatu. Na usijidanganye kwamba unaangalia mbao za kale, jumba kuu liliungua kwa mabomu ya 1945 likajengwa upya 1958. Baadaye panda boti ya mto Sumida ushuke bustani ya Hama-rikyu, kutoka hapo Tsukiji ni kutembea tu. Ila mnada wa samaki haupo tena Tsukiji jamani, ulihamia Toyosu Oktoba 2018, kilichobaki ni soko la nje la vyakula na vibanda vingi vinaanza kufunga mapema mchana, usije saa kumi ukaanza kulalamika.

Magharibi: hekalu la Meiji, lile la mwaka 1920 lenye msitu wa miti kama 100,000 iliyoletwa kwa michango ya wananchi, toka hapo kwa mguu Harajuku, shuka Shibuya jioni taa zikiwaka. Shinjuku kwa lile ghorofa la bure, lakini pale stesheni kuna milango ya kutokea zaidi ya 200, kwa hiyo kumbuka jina la mlango wako, "tukutane nje ya stesheni" imeshavunja ndoa. Akihabara kama hupendi gemu na katuni acha. Na siku yako ikiangukia Jumatatu usiende makumbusho ya Ueno, mengi yanafunga.

"Tip wanaacha shilingi ngapi?"

Hawaachi. Utamfanya mhudumu akukimbize barabarani kukurudishia hela yako.

"Nina paspoti ya Tanzania na nimeshapata viza ya Japani ya kuingia mara moja. Meli inaanzia Yokohama inazunguka siku 9 inarudi Yokohama. Niko sawa?"

Angalia ratiba kama kuna Busan. Nina uhakika ipo, na haipo kwa sababu ya uzuri wake. Sheria ya Japani hairuhusu meli yenye bendera ya nje kubeba abiria bandari ya Japani kwa bandari ya Japani bila kugusa nchi nyingine, ndiyo maana hizi safari za "kuzunguka Japani" zinachomekwa siku moja ya Korea Kusini. Sasa wewe ukitoka kwenda Busan umetoka Japani, viza yako ya mara moja imekwisha kazi, na unarudi Yokohama kama mtu anayeingia upya. Kuna kibali maalumu cha kushuka kwa abiria wa meli, lakini ni kwa meli zilizosajiliwa kwa utaratibu huo, wewe usijipangie. Rudi ubalozini hapo Dar ukaeleze ratiba yote, uombe ya kuingia zaidi ya mara moja, na kampuni ya meli ikuandikie kwa barua pepe si kwa simu, Korea nayo ina masharti yake. Wenye paspoti za Marekani na Uingereza wanaingia siku 90 bila viza halafu ndio wanaowaambia wenzao "hakuna shida, mimi nilipita tu". Ulipita wewe.

"Sisi ni Waislamu, kula na kuswali itakuwaje?"

Kuswali kuna Tokyo Camii, Yoyogi-Uehara, msikiti wa mtindo wa Kituruki uliojengwa upya mwaka 2000 pale ulipokuwa ule wa 1938 wa Watatari, kutoka Shibuya si mbali, Ijumaa unajaa wahi. Kula ndiko kwenye kazi. Rameni, zile tambi za supu, usiinunue kwa macho, supu nyingi ni mifupa ya nguruwe na hata ile ya soya mara nyingi wanaweka kipande cha nguruwe juu. Mirini, ile pombe tamu ya mchele ya kupikia, ina kilevi na iko kwenye sosi chungu nzima. Tafuta migahawa yenye cheti cha halali, Asakusa na Shinjuku ipo, na kwenye vile viduka vya saa 24 piga lebo picha kwa simu itafsiri kwanza.

"Mabegi makubwa manne tunayapeleka wapi wakati tunatembea?"

Msiyaburute kwenye treni saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi, mtachukiwa kimyakimya. Yaacheni hotelini, au mwambie mtu wa mapokezi ayatume hoteli ya Yokohama kwa takkyubin, huduma ya kusafirisha mabegi, kwa kawaida yanafika kesho yake. Msiyatume moja kwa moja kwenye meli mpaka kampuni ikubali kwa maandishi. Na kwa kuwa tumegusa mabegi: dawa za mafua zenye kiwango kikubwa cha psudoefedrini zimepigwa marufuku kule, na baadhi ya zenye kodeini pia zina kikomo. Hukuniuliza, najua, lakini fungua hicho kimfuko cha dawa usome.

"Baba yangu ana miaka 74 na goti linamsumbua. Tuna mchana mmoja tu. Tumpeleke Tokyo?"

Hapana, mbaki naye hapohapo Yokohama, na hili ndilo swali nililolipenda kuliko yote. Bustani ya Yamashita iko pwani, tambarare, ina mabenchi, na hapo ndipo ilipoegeshwa Hikawa Maru, meli ya abiria ya 1930 ambayo sasa ni makumbusho, mzee aione hata kwa nje. Mtaa wa Wachina, mkubwa kuliko yote Japani, uko nyuma yake tu kwa chakula cha mchana. Jioni mpandisheni juu ya paa la Osanbashi. Paa lote ni sakafu ya mbao inayopanda na kushuka taratibu kama mgongo wa nyangumi, unapanda kwa mteremko bila ngazi. Mkalisheni upande unaotazama daraja. Pakiwa na meli inaondoka watu wa mjini wanakuja kuipungia mikono, hata hawamjui mtu ndani yake. Mchukulieni koti, upepo wa pale hauheshimu umri.