Mtaro uliotuumbua

Mwalimu mwenzangu, umeuliza mradi gani wa kuhudumia jamii hautaishia kwenye picha ya pamoja na fulana mpya. Nakujibu kwa yaliyonikuta.

Mwaka wa kwanza tulisafisha mtaro ulio nyuma ya shule, Jumamosi 3 mfululizo. Wiki ya nne ukajaa tena. Mama mmoja anayeishi kando yake akatuambia kavukavu: "Hizo taka ni zenu." Wanafunzi wakacheka. Mimi nilinuna.

Mwaka uliofuata hatukuanza na fagio. Tulitandaza turubai, tukavaa glavu, tukamwaga taka za mtaroni na kuzichambua: plastiki, karatasi, vitambaa, majani. (Sindano na vigae vya chupa ni kazi ya mtu mzima mwenye koleo, hapo usilegeze.) Kila fungu likapimwa kwenye mizani ya kuning'iniza, hesabu ya asilimia ikafanywa papo hapo. Kwenye fungu la karatasi, msichana mmoja akainua ukurasa uliolowa: maswali ya hesabu za sehemu, na juu yake vema za kalamu nyekundu. Vema zangu. Safari hii hakucheka mtu.

Kumbe shimo letu la taka lilikuwa upande wa juu wa mteremko. Mvua kubwa ikipiga, linafurika na kuteremsha kila kitu mtaroni. Tukalihamisha.

Kwa hiyo anza na lalamiko ambalo majirani tayari wanalo, kisha pima kabla na baada. Sisi tulihesabu hata viluwiluwi vya mbu: unachota maji yaliyotuama kwa upawa mweupe, mara 10, sehemu ileile, kila wiki. Penye joto yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10, hivyo ukipima mara moja kwa mwezi vizazi vinakupita. Mwenzangu wa biolojia alipata somo lake bila kugusa chaki.

Daftari la tafakuri usiliache, maana bila hilo mmejitolea tu, hamjajifunza. Swali moja linatosha: ulidhani nini, umeona nini? Ukiwapa 10 watanakiliana.

Kilichotusumbua zaidi ni likizo, shule ikifungwa hakuna wa kuangalia mtaro. Tukaenda kumwomba yule mama. Alikubali, ila kwa sharti: matokeo ya mizani asomewe yeye kwanza, kabla ya mkuu wa shule.