Maswali yenu: Kwa nini napinga miswada ya kulegeza ulinzi wa misitu ya umma

Tangu nitangaze hapa kwamba nitapinga mswada wowote unaorahisisha kukata misitu ya umma Kenya, mmeniandikia kwa wingi. Wengine mmeniunga mkono, wengine mmenikaripia. Nimechagua maswali matano.

Mimi ni seremala, Nakuru. Marufuku ya 2018 ya kukata miti kwenye misitu ya umma ilinifungia karakana. Ukipinga ukataji, mbao nitatoa wapi?

Fundi, uchungu wako naujua. Marufuku ilipotangazwa Februari 2018 iliitwa ya siku 90, kisha ikaongezwa tena na tena, na mafundi wengi wakabaki kutegemea mbao za kutoka nje kwa bei isiyoshikika. Sipingi msaipresi uliopandwa kwa ajili ya mbao uvunwe ukikomaa. Huo ni mmea wa shambani kama mahindi, ila wenyewe husubiriwa miaka ipatayo thelathini.

Shida iko mpakani. Shamba la miti na msitu wa asili hukaa bega kwa bega, na mara nyingi njia ya lori ni ile ile moja. Niliwahi kutembea kwenye kipande cha shamba la miti kilichovunwa kihalali, visiki vyote vimepigwa alama ya rangi. Hatua chache ndani ya msitu wa asili nikakanyaga majani yaliyorundikwa vibaya. Nilipoyapangua nikakuta kisiki cha mtarakwa, chekundu, kingali kinanukia, kimefunikwa udongo kisionekane. Mti ule haukupandwa na mtu. Gogo lake lilipita njia gani kama si ile ya magogo halali? Ndiyo maana nataka uvunaji uwe na idadi inayojulikana, ramani iliyo wazi, na chama cha jamii cha msitu huo kikiwa na macho pale pale.

Rais Ruto alisema miti imekomaa na inaozea msituni. Kwani alidanganya? (Mfugaji, Narok)

La, mzee wangu. Miti iliyokomaa ilikuwepo, na kuiacha ioze ni hasara. Lakini marufuku iliondolewa Julai 2023 kwa tamko la mdomo kanisani Molo, na Agosti Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikasimamisha hatua hiyo kwa muda baada ya chama cha mawakili kushtaki. Mti kuwa tayari kuvunwa ni jambo moja. Nani aliulizwa kabla ya kufungua msitu ni jambo jingine, na mimi nauliza hilo la pili.

Serikali inataka kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Tugombanie michache inayokatwa?

Tugombane, tena sana. Mche wa mwaka huu hauwezi kufanya kazi ya podo, mti wa asili, la karne mbili. Katiba, kifungu cha 69, inaitaka serikali ifikishe na kudumisha miti kwenye asilimia 10 ya ardhi kwa uchache, na hesabu hiyo inaweza kutimia kwa mikaratusi ya mashambani huku msitu wa asili wa Mau unapungua. Mto Mara unaanzia Mau. Ng'ombe wa Narok na nyumbu wa Serengeti wanakunywa maji hayo hayo.

Mswada wa misitu wa 2021 ulikuwa na ubaya gani hasa? Nilisikia kelele tu. (Mwalimu, Kericho)

Ahsante mwalimu, hili ndilo swali nililolingoja.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, kifungu cha 34, inasema anayetaka mpaka wa msitu wa umma ubadilishwe apeleke ombi Bunge la Kitaifa au Seneti. Aonyeshe kwamba mabadiliko hayo hayatahatarisha viumbe adimu wala kuharibu chanzo cha maji. Wataalamu wa shirika la misitu, KFS, nao watoe maoni yao. Mswada wa 2021 ulitaka kuwaondoa wataalamu hao njiani, ombi liende moja kwa moja kwa wabunge. Hoja ilikuwa kwamba kipengele hicho kinabana haki ya raia ya kupeleka ombi bungeni.

Haki hiyo naithamini, nami naitumia. Lakini anayeomba kukatiwa kipande cha msitu anaomba mali ya watu wote, na si kumbana kumtaka mtu wa misitu aeleze kwanza mto gani utakauka. Mwaka 2001 takriban hekta 67,000 za misitu ziliondolewa kwenye ulinzi, zaidi ya nusu yake Mau Mashariki. Ardhi ikishatoka kwenye orodha ya misitu ya umma, miti iliyo juu yake haina wa kuiulizia. Hakuna haja ya mswada wenye neno "kata" ndani yake. Inatosha kumfuta yule anayepaswa kuulizwa, na misumeno itafuata yenyewe.

Kwa hiyo mswada ukiletwa, usitazame jina lake. Mingi huitwa ya "kuboresha". Tazama vifungu vinavyofutwa.

Wangari Maathai aliokoa msitu wa Karura, Nairobi, kwa sababu alikuwa mtu mkubwa. Sisi je? (Mwanafunzi, Eldoret)

Mwanangu, alipopigwa Karura Januari 1999 akipinga msitu kugawiwa, hakuwa na tuzo ya Nobel. Ilikuja 2004. Siku ile alikuwa na miche mkononi na watu wachache nyuma yake.

Wewe una kitu ambacho yeye hakuwa nacho wakati ule, Katiba ya 2010. Kifungu cha 118 kinalilazimu Bunge kuwashirikisha wananchi. Cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara.

Anza na maoni ya maandishi. Tangazo likitoka gazetini, soma kwanza tarehe ya mwisho, maana muda huwa mfupi. Mwandikie Karani wa Bunge, ukurasa mmoja unatosha: taja kifungu, sema unakipinga, eleza kitakachotokea kwenye msitu unaoujua wewe, kwa jina lake na mto wake. Weka jina na sahihi. Peleka nakala mbili, na ile unayorudi nayo ipigwe mhuri wa kupokelewa kabla hujaondoka dirishani.